Plenti ya Shangazi

Nilifika Nairobi kwa treni ya daraja la tatu kutoka Butere, safari iliyomeza mchana mmoja, usiku mmoja na sehemu kubwa ya mchana wa pili. Kisumu tulibadilisha mabehewa tukasubiri mpaka watoto wakalala juu ya mizigo. Baada ya hapo treni ilisimama kila palipokuwa na nyumba tatu na tangi la maji, na kila iliposimama akina mama walituletea dirishani mayai ya kuchemsha, ndizi, na maziwa katika chupa zilizozibwa kwa gunzi. Kule juu Mau tulitetemeka kwa baridi, mtu na jirani yake wakagawana blanketi bila kuulizana kabila. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha kidato cha nne chenye divisheni ya tatu, na sanduku la mbao alilolitengeneza mjomba. Nilikuwa nimeshajaribu Kisumu miezi sita na Kericho mwaka mzima. Miguu yangu haijui kutulia, na hata sasa, nikiwa katika miaka ya arobaini, naandika haya katika chumba cha kupanga kwenye mji ambao sidhani nitaumaliza mwaka nikiwa ndani yake.

Mbele yangu behewani alikaa mtu mmoja aliyekuwa akirudi kazini Industrial Area baada ya kumzika babake. Nilimwuliza kama kazi zipo.

"Kazi?" akasema. "Ukisimama getini asubuhi, foromani anatoka, anawaangalia, anasema, watu plenti leo. Anachukua kumi, wengine mnaenda kukaa chini ya miti."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake anasema hivyo hivyo. Hilo neno halichoki."

Niliudhika kidogo, si kwa habari ya kazi, bali kwa habari ya neno. Mwalimu wetu wa Kiingereza kidato cha pili alikuwa ametufundisha hilo neno "plenty" kwa siku nzima. Alitukataza kulitafsiri kuwa "mengi" tu. Alisema mengi yanaweza yasitoshe: watu mia wakiwa na mikate themanini, mikate hiyo ni mingi, lakini si plenti. Plenti, alisema, ni pale kila mtu ameshiba, mgeni akaja bila kutazamiwa akashiba naye, na bado chungu hakijakwanguliwa. Nilimwamini. Nyumbani kwetu niliona plenti miezi miwili kwa mwaka, baada ya mavuno, na nikajua mwalimu hasemi uongo. Kulitumia neno hilo kwa watu wenye njaa waliosimama getini nikaona ni matusi, na hadi leo naona hivyo.

Shangazi yangu, dada wa baba, aliishi Mbotela katika nyumba za baraza la jiji, vyumba vilivyopangwa mstari mmoja vikitazamana na mfereji wa maji wa pamoja. Mumewe alikuwa amefariki. Aliuza mahindi na maharagwe katika kibanda kilichoegemea ukuta wa mwisho wa mstari, na nyuma ya magunia ndipo nilipotandikiwa kitanda. Kwa wiki mbili nilikwenda Industrial Area kila asubuhi kusikia foromani akisema lile neno lake. Wiki ya tatu shangazi akaniambia nikae nimsaidie kupima, kwa kuwa mgongo ulikuwa unamsumbua.

Mahindi yalipimwa kwa gorogoro, yaani mkebe mkubwa wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia ukishamalizwa mafuta yake. Siku ya kwanza nilijaza mkebe hadi ukingoni, nikasawazisha kwa kiganja kama nilivyoona watu wakifanya sokoni kwetu, nikamimina kwenye mfuko wa mama aliyekuwa mbele. Hakuondoka. Aliushika mfuko wazi akinitazama.

"Na plenti?" akauliza.

"Plenti gani?"

Foleni yote ikacheka. Shangazi akatoka ndani akifuta mikono kwenye leso.

"Msameheni, huyu ni mgeni," akasema. "Amesoma mpaka kidato cha nne, lakini hajafundishwa kupima."

Akauchukua mkebe, akautumbukiza guniani, akauinua ukiwa na kilima juu, punje zikiteleza pembeni, akaongeza kwa mkono mpaka kilima hakikukubali tena hata punje moja. "Hii yote ya ndani ni gorogoro," akaniambia, akigonga ubavu wa mkebe. "Hii ya juu ndiyo plenti. Gorogoro mtu ananunua. Plenti anapewa."

Hivyo ndivyo Mbotela walivyokuwa wamelikata neno la mwalimu wangu, wakalitafutia mahali pa kukaa: kilima cha mahindi juu ya mkebe, cha kujaza viganja viwili, wala si zaidi. Akina mama walililia. "Kijana, hiyo plenti imelala, iamshe." "Hiyo ni plenti ya mgonjwa." "Wewe unanipimia plenti kama unapimia mama wa kambo?" Wauzaji wengine walikuwa wakipanguza mdomo wa mkebe kwa kijiti ili pasibaki kilima. Shangazi hakuwahi kushika kijiti. Kwa hiyo watu walikuja kutoka hata Makongeni, wakavuka reli na magunia yao matupu, na mtu akiwauliza wanaenda wapi walisema, "Tunaenda kwa plenti."

Mwanzoni nilicheka moyoni, nikaona ni ushamba wa mjini. Baadaye nikaanza kujivunia. Nilikuwa na mkono mzuri. Kilima changu kilisimama kuliko cha shangazi mwenyewe.

Kisha ukaja ule mwaka wa themanini na nne ambao mvua haikunyesha. Unga wa pakiti ukatoweka madukani. Redioni mtu mwenye sauti ya kushiba akatwambia kila jioni kwamba chakula nchini ni kingi na hakuna haja ya wasiwasi, na sisi tukiwa kwenye foleni tulimsikia kupitia dirisha la jirani. Magunia yaliyokuja kwa shangazi yakapungua, na mahindi yenyewe yakawa ya njano, yale ya kuletwa kutoka nje, ambayo watoto waliyakataa siku mbili na ya tatu wakayala. Kibanda cha kona, cha mshindani wake, kikazidi kupima kwa kijiti na kwa hasira. Shangazi aliendelea na kilima chake kama kawaida. Watu walimwombea baraka kanisani kwa sauti. Mimi pia nilimwona mtakatifu, naandika hili bila kejeli.

Mwezi wa Juni alinipa mikebe mitatu mipya na kunituma Gikomba kwa fundi mmoja wa mabati. "Mwambie ni ya mama wa Mbotela, tumeshapatana," akasema.

Fundi alikuwa mtu mwembamba aliyekaa juu ya injini iliyokufa, kelele za nyundo zikimzunguka pande zote. Nilidhani anaitia mikebe vishikio. Aliupindua mkebe wa kwanza kitako juu, akauweka juu ya pete ya chuma, akachukua nyundo ya mti yenye kichwa cha mviringo, akaanza kupiga katikati ya kitako, taratibu, kwa kuzunguka. Bati likaanza kuzama ndani. Akaingiza mkono upande wa mdomo, akapapasa jinsi kilivyoinuka humo ndani.

"Ya mama yako ni vidole vitatu," akasema. "Kuna wengine wanataka vinne, lakini vinne vinaonekana. Yeye ana akili."

"Ni shangazi yangu."

"Basi shangazi yako ana akili." Akanitazama vizuri. "Sasa mbona umekunja uso? Ulidhani nini, unaenda kutengenezewa sufuria ya harusi?"

"Watu wanamwamini yule mama."

"Si ndiyo maana amekuja kwangu? Asiyeaminiwa anatumia kijiti." Akacheka pamoja na fundi jirani yake, akanirudishia mkebe uliokuwa, ukiutazama ubavuni, kama mkebe mwingine wowote.

Nilirudi kwa miguu kupitia Jogoo Road nikiwa na mikebe mitatu mikononi, na nakumbuka nilivyoona aibu kupishana na watu, kana kwamba wanaweza kuona hewa iliyokuwa ndani yake. Kile kilima cha juu tulichokinyenyekea sasa kingelipwa kutoka chini, tena na faida. Viganja viwili vingetolewa hadharani mbele ya foleni. Vinne vingerudishwa gizani mwa gunia, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, maana mkebe hautoki guniani mtupu.

Nilimkabili shangazi jikoni. Alikuwa akichambua maharagwe, na hakuacha.

"Kaa," akasema. "Nikipanguza kwa kijiti, watakwenda kona. Nikiweka plenti na kitako kikawa kizima, nafunga kabla ya Krismasi. Wewe uliyesoma, nipe njia ya tatu."

"Waambie ukweli. Waambie plenti haipo mwaka huu."

"Niende nimwambie nani? Wanaijua njaa kuliko wewe. Wanakuja hapa kwa sababu ni mahali pekee wanapoona kitu kinamwagika. Unataka niwanyime hata kukiona?"

Nilikuwa na njaa, na chakula kilichokuwa motoni kilikuwa chake. Nikala. Kesho yake nikapima kwa mkebe mpya, nikakijenga kilima juu. Mkono wangu ulikuwa mzuri vile vile.

Sasa nifike kwa mwanamke wa chumba cha tatu. Alitoka upande wa Murang'a, alikuwa na watoto watano, na mumewe alifanya kazi katika kiwanda kimoja Industrial Area. Alikuwa mtu wa vipimo. Kila Jumamosi alinunua gorogoro tatu, akasaga, akatia unga kwenye mkebe wake wa nyumbani, wa kilo mbili kama wa gorogoro, na kwenye chungu, na unga huo ulimfikisha Jumamosi ya pili kama saa. Mumewe alijisifia jambo hilo mbele ya wenzake. Alisema wake wengine wanapika kwa macho, wake anapika kwa hesabu.

Mwezi wa Julai unga ukaanza kumwishia Ijumaa. Mara ya kwanza mumewe alinyamaza. Mara ya pili aliuliza. Mara ya tatu nilimsikia mwenyewe, maana kuta za nyumba zile zilikuwa nyembamba na yeye hakujishughulisha kupunguza sauti.

"Dadako wa Makongeni anakula nini?" alimwuliza mkewe.

"Anakula kwake."

"Anakula kwangu. Gorogoro tatu, na plenti juu ya kila moja, nimeona kwa macho yangu nikipita. Unga hauna miguu."

"Labda watoto wanakula zaidi. Wanakua."

"Wamekua wote wiki moja?"

Mwanamke yule akaanza kuwapunguzia watoto, kisha akajipunguzia mwenyewe. Nilimwona akikonda. Kila Jumamosi alikuja kwangu na mfuko wake, akasimama karibu sana, macho yakiwa kwenye kilima. "Iamshe vizuri, kijana wa shangazi," alikuwa akisema, pole pole, kama mtu anayeomba dawa. Nami niliiamsha. Nilimjengea kilima kikubwa kuliko vya wote, nikajiambia kwamba nimemsaidia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikimtia hatiani zaidi, kwa sababu kadiri kilima kilivyopanda ndivyo mumewe alivyozidi kuwa na uhakika kwamba mahindi yanaingia nyumbani na kuibwa humo.

Agosti ikaisha. Nilikuwa na kitanda nyuma ya magunia, na nilikitaka. Sina maelezo mengine.

Ijumaa moja ya Septemba mume alitangaza, mlango ukiwa wazi ili mstari wote usikie, kwamba kaka ya mkewe ameshapelekewa ujumbe na atafika Jumapili. Mwanamke angerudishwa kwao, pamoja na watoto wawili wadogo, akafundishwe na mamake maana ya nyumba. Wakubwa watatu wangebaki. Wanawake waliokuwa mferejini waliendelea kukinga maji. Mmoja akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika, "Na plenti yote ile anayopewa." Hapo damu ilinipanda. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu mkebe. Mwanamke aliyepima unga wake kwa hesabu miaka kumi alikuwa rahisi kushukiwa kuliko kilima cha mahindi.

Jumamosi alasiri, baada ya mwanamke yule kununua na kabla ya kwenda kusaga, nilitoa mkebe guniani, nikautikisa ukabaki mtupu, nikaenda nao chumba cha tatu. Shangazi aliniona nikitoka nao. Aliniita mara moja tu.

Mume alikuwa nje amekaa kwenye kigoda akishona kiatu.

"Mzee, naomba unikopeshe mahindi yenu mliyonunua leo," nikasema, "na mkebe wenu wa unga."

"Unataka kufanya nini?"

"Kupima tu."

Mkewe akatoka na mikono yenye maji. Nilichota kwa mkebe wa shangazi, nikajenga kilima kama nilivyomjengea saa mbili zilizopita, wote wawili wakiona. Kisha nikamimina kila punje katika mkebe wao, ambao haukuwahi kufika Gikomba. Mahindi yaliingia, yakatulia, yakaishia chini ya ukingo. Si kwamba plenti haikutokea juu. Hata gorogoro yenyewe haikujaa. Mume akaingiza kidole kati ya mahindi na ukingo, kikalala chote kwa upana. Akautwaa mkebe wa shangazi, akaupindua, akaweka ngumi yake katika lile shimo la kitako. Ngumi ilikaa vizuri.

Nilitegemea angalau amtazame mkewe. Alinitazama mimi.

"Ulijua lini?"

"Juni."

"Leo ni Septemba."

"Ndiyo."

Akaweka mkebe chini, akarudia kushona kiatu chake. Mwanamke alibaki amesimama mlangoni. 

Jumapili kaka yake alikuja amevaa koti, akapewa chai, akaambiwa jambo lenyewe lilikuwa la mkebe tu, akarudi Murang'a peke yake. Niliyasikia yote kupitia ukuta, na nilingoja nisikie neno moja, neno la kusema "nilikukosea." Halikusemwa. Kuanzia wiki iliyofuata mume alinunua mahindi mwenyewe kila Jumamosi na kuyapeleka kusaga mwenyewe, kwa sababu, alisema, dunia imeharibika. Mwanamke wa hesabu hakuachiwa tena kununua hata gorogoro moja.

Na mstari? Jumatatu shangazi alipima kwa mkebe mzima, kitako bapa, na alimgeuzia kila mtu auone. Akapanguza kwa kijiti. Lilikuwa jambo la haki, na ni mimi niliyelileta, nami nilisimama pale nikingoja shukrani kama mjinga. Mama wa kwanza akautazama mfuko wake, akamtazama shangazi.

"Na plenti?"

"Haipo. Hii ni gorogoro nzima. Mtoto wa ndugu yangu amewataka mle ukweli."

"Sasa ukweli unapikwa na nini?" mwingine akauliza kutoka nyuma, na safari hii kicheko kilikuwa changu kukibeba. Mmoja aliniambia usoni kwamba mtu anayelala kwa shangazi yake na kumwaga siri zake njiani hawezi kuaminiwa hata na mbwa. Nilimweleza, kwa mkebe mkononi, kwamba sasa anapata mahindi zaidi kuliko wiki iliyopita. Akaniambia nisimfundishe kuona. Siku tatu hivi wateja walipungua nusu. Ijumaa kilima kilirudi juu ya mkebe, na foleni nayo ikarudi. Ulikuwa mkebe upi, mzima au wa Gikomba, sikuambiwa niupime. Shangazi alikuwa ameshanitoa kwenye magunia.

Hakunifukuza kwa kelele. Alinipikia kuku, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nifike, na tulipomaliza akasema, "Nilikupa mahali, ukanitolea kitako cha mkebe wangu njiani. Sikulaani. Lakini siwezi kupata usingizi tena wewe ukiwa nyuma ya magunia." Nilimwambia nimeelewa. Kwa kweli nilikuwa na hasira naye, na foleni, na yule bwana wa redioni, na fundi na nyundo yake. Hasira ilikuwa imenitosha kwa wote na ikabaki.

Niliondoka asubuhi ya Jumamosi moja ya Oktoba, sanduku langu begani, nikielekea kituo cha mabasi ya Mombasa, mahali ambapo sikuwa na ndugu. Mwanamke wa chumba cha tatu alikuwa mferejini peke yake, ndoo ikijaa. Nilisimama. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka aniambie kwamba mtu mmoja katika mstari ule alikuwa amefaidika kwa kuwa nilisema.

"Naenda," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Angalau hukurudishwa kwenu."

Alifunga mfereji, akaikunja leso kuwa kata, akaiweka kichwani. Ndipo aliponitazama, na sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Miezi mitatu, kijana wa shangazi. Kila Jumamosi nilikuja mbele yako. Ulikuwa unanitazama nikitazama mahindi."

Aliinama aiinue ndoo. Niliweka sanduku chini nimsaidie kuipandisha. Akasema niiache, ataipandisha mwenyewe, na akaipandisha, maji yakamwagika kidogo begani mwake, akaenda zake chumbani. Nililichukua sanduku. Tangu siku hiyo nimepita Nairobi mara nyingi nikienda kwingine, lakini Mbotela sijarudi.